SIRI YA MTUNGI YAPANDA JUKWAANI

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Maana yake waielewa vema: yaliyomo ndani ya nyumba huyajua waliomo ndani. Baba akigombana na mwanawe juu ya masomo, mama akificha machozi kwa kuwa kifungua mimba wake hajaleta salamu tangu alipohamia mjini, bibi akishindwa kuongea na mjukuu kwa kuwa lugha zao zimepishana, hayo yote hubaki baina ya kuta nne. Jirani akipiga hodi tunajifuta uso, tunatia tabasamu, tunamkaribisha chai.

Leo nataka kukusimulia habari za watu walioamua kuutoa mtungi huo nje, wakauweka mbele ya kadamnasi, tena mbele ya wenyewe wenye nyumba. Nao hawakufanya hivyo kwa kukosa haya. Walifanya hivyo kwa sababu waliona kwamba familia zao zilikuwa zikiumia kimyakimya, kila moja ikidhani kuwa ni yake peke yake iliyopatwa.

Watu wenyewe ni wale waitwao Walatino huko Marekani, yaani wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu kuwa zaidi ya milioni 62. Usidhani wote ni wageni. Mwaka 1848, baada ya kushindwa vitani, Mexico ilipokonywa karibu nusu ya ardhi yake, na familia zilizokuwa zikiishi California na New Mexico zikajikuta ziko katika nchi nyingine bila ya kusogea hata hatua moja. Kisiwa cha Puerto Rico kilitwaliwa na Marekani mwaka 1898, na watu wake wakafanywa raia mwaka 1917. Wengine walikuja baadaye, kwa njia na kwa shida mbalimbali. Historia zao si moja, lakini swali lao ni moja: sisi ni nani hapa, na watoto wetu watakuwa nani?

Michezo yao ya kuigiza nimeisoma vitabuni, na michache nimeitazama katika filamu. Niliianza kwa ajili ya kazi. Niliendelea nayo kwa ajili ya nyumba yangu mwenyewe, na sababu yake utaiona huko mbele.

JUKWAA JUU YA LORI

Mwezi Septemba 1965 wachumaji wa zabibu wa Delano, California, waligoma. Wa kwanza kuacha kazi walikuwa Wafilipino. Zilipopita siku chache, wenzao wenye asili ya Mexico wakaungana nao. Kijana mmoja, Luis Valdez, alirudi kwao kuwasaidia. Alizaliwa hapo hapo Delano mwaka 1940, katika familia ya vibarua waliokuwa wakihama shamba hata shamba kufuata mavuno. Alikuwa amekwisha pata elimu ya chuo kikuu na kujiunga na kikundi cha maigizo cha San Francisco. Sasa alitaka wagomaji wawe na kikundi chao wenyewe.

Hakuwa na ukumbi, hakuwa na mapazia, hakuwa na fedha, na waigizaji wake walikuwa vibarua ambao wengi wao hawakupata kuona tamthilia maishani. Alichofanya ni hiki: aliwatundikia baadhi yao vibao shingoni. Kimoja kiliandikwa Mgomaji, kingine Mvunja Mgomo. Kisha akawaambia waigize yaliyowapata shambani. Watu wakaangua kicheko, kwa maana waliyoyaona yalikuwa yale yale yaliyowachoma mchana kutwa, lakini sasa waliweza kuyatazama kwa mbali kidogo.

Kikundi hicho kikaitwa El Teatro Campesino, yaani Tamthilia ya Watu wa Mashambani. Kiliigiza vichekesho vifupi juu ya bodi la lori, kando ya mashamba, ili hata wale waliokuwa bado kazini wasikie. Wagomaji walipotembea kwa miguu kutoka Delano hadi Sacramento, makao makuu ya jimbo, mwaka 1966, kikundi kilifuatana nao, na usiku kikiigiza mahali msafara ulipolala. Mgomo ulidumu miaka mitano. Matajiri wa mizabibu wakatia saini mikataba mwaka 1970. Sisemi kwamba vichekesho ndivyo vilivyoushinda mgomo. Nasema kwamba mtu mwenye njaa, anayeshawishiwa kila siku kurudi kazini, huhitaji kitu cha kumkumbusha kwa nini alitoka.

Kimoja cha vichekesho hivyo vya mwanzo chamhusu tajiri anayevaa kinyago cha nguruwe. Tajiri huyu anamlalamikia kibarua wake juu ya mzigo wa utajiri, anamwambia kwamba maisha ya kibarua ni mepesi, ya raha, yasiyo na mawazo. Mwishowe anapendekeza wabadilishane. Kibarua avaa kinyago, ashika sigara, na punde si punde anaanza kufoka kama tajiri. Tajiri naye, bila ya kinyago, hatambuliwi hata na mlinzi wake mwenyewe. Anaburutwa huku akiuita mgomo umwokoe. Kibarua anafahamu kwamba aliyekuwa akimwogopa ni mtu tu, aliyevikwa.

NAMBA NA KIBAO

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu babu yangu, mzaa baba. Alitoka Songea akiwa kijana, akapelekwa Tanga kukata mkonge. Alikuwa manamba. Neno hilo twalitumia hata leo bila ya kulifikiria, lakini latokana na namba ambazo vibarua wale walipewa. Mtu aliacha jina lake, la babaye na la ukoo wake, akawa namba.

Babu hakupenda kuyasimulia mambo ya mkonge. Ukimwuliza, alikuonyesha kovu la mkono akacheka, kisha akaanza habari za mvua. Baba yangu, aliyezaliwa kambini huko, anajua machache. Mimi nayajua machache zaidi. Na mwanangu hajui chochote ila kwamba babu wa baba alikuwa na kovu. Katika vizazi vitatu, maisha mazima ya mtu yamebaki kuwa kovu.

Tazama basi tofauti ya namba na kibao. Namba alipewa babu na mwenye shamba, ili ahesabiwe. Kibao cha Delano alijivika kibarua mwenyewe mbele ya wenziwe, na alipokivua aliweza kumvika mwingine. Laiti babu angalipata jioni moja tu ya kusimama juu ya lori, akamwigiza nyapara wake watu wakacheka, huenda angalirudi nyumbani na maneno.

USIKU WA KUAGA

Si kila mchezo ulikuwa wa kuchekesha. Mwaka 1971 kikundi hicho kiliigiza *Soldado Razo*, hadithi ya Johnny, kijana aliyeandikishwa jeshi na anayekwenda Vietnam asubuhi yake. Msimulizi ni Mauti mwenyewe, ambaye hana haraka. Anazunguka nyumbani mle, anatutajia mapema kwamba Johnny atakufa, na mara kwa mara anampaka rangi nyeupe usoni, wala hakuna amwonaye.

Jambo la kustaajabisha ni jinsi nyumba ile ilivyo ya kawaida. Mama anahangaika na chakula. Baba anajivuna kwamba mwanawe amekuwa mwanamume. Ndugu mdogo anatamani sare ile. Mchumba anafikiria harusi. Twasikia kila mmoja anayowaza moyoni, lakini mezani hasemi. Hofu imo katika kila kifua, na kila mmoja anaificha ili asimtie hofu mwenziwe.

Baadaye Johnny anaandika barua kwa mamaye kutoka vitani. Anamweleza ndoto: ameingia katika kibanda cha wanakijiji, amefyatua risasi, na alipowatazama waliokufa aliona nyuso za mama, za baba na za ndugu yake. Anataka kurudi nyumbani. Kabla barua haijakwisha, anapigwa risasi.

Mchezo ule uliigizwa vita vikiendelea, mbele ya wazazi waliokuwa na watoto katika vita hivyo hivyo. Hebu fikiri, msomaji, mama mmoja ameketi kwenye benchi, anamwona mama mwenziwe akipakua chakula cha mwisho bila ya kujua. Je, atarudi kwake akae kimya kama jana?

MKOKOTENI WA MAKSAI

Wapuerto Rico nao walikuwa na hadithi yao. René Marqués aliandika *La Carreta*, maana yake mkokoteni wa kukokotwa na maksai, na ulionyeshwa kwanza mjini New York mwaka 1953. Familia ya wakulima wa milimani inapoteza ardhi yake. Wanapakia vyombo katika mkokoteni kwenda San Juan, mji mkuu wa kisiwa. Babu mzee anakataa kuondoka, anabaki na milima yake. Mjini wanaangukia katika mtaa wa mabanda. Mtoto mdogo wa kiume anaingia katika wizi na kukamatwa, na binti anapatwa na maovu makubwa. Luis, kijana aliyeshikilia kwamba maisha mema yako mbele, anawahamisha tena, safari hii kwa ndege hadi Bronx, New York. Anavipenda viwanda, anaiamini mitambo. Na ni mtambo unaomuua.

Mama na binti wanaamua kurudi kisiwani, kwenye udongo. Wako waliokubali mwisho huo na wako waliouuliza maswali, kwa maana familia nyingi za Wapuerto Rico hazikurudi, wala hazikuwa na pa kurudia. Watoto wao walizaliwa Bronx na Bronx ndiyo kwao.

Mmoja wa waigizaji wa mchezo huo mwaka 1953 alikuwa msichana aitwaye Miriam Colón, mzaliwa wa Ponce. Mchezo ulipoigizwa tena New York kwa Kiingereza mwaka 1966, alikuwamo pia. Lakini aliona kwamba wale ambao habari zao zilisimuliwa hawakuwa na nauli wala fedha za tiketi. Basi mwaka 1967 akaanzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri, kikawa kinatembelea mitaa na bustani za mji huo na kuonyesha michezo bila ya malipo, kwa Kihispania na kwa Kiingereza. Bi. Colón alifariki mwaka 2017. Kikundi chake kiliunganishwa mwaka 2014 na kingine kiitwacho Pregones, kilichoanzishwa mwaka 1979, nacho kingali kikifanya kazi.

Hili la lugha mbili nakuomba ulitafakari. Katika nyumba nyingi za Walatino mtoto ndiye mkalimani. Ni yeye anayekwenda na mamaye hospitali, anayemsomea baba barua ya mwenye nyumba, na hivyo hujua mapema mno madeni na maradhi ya wazazi wake. Nyumbani kwangu hali si hiyo hasa, ila mama yangu akija kutoka Songea, na uchovu ukamzidi, hukiacha Kiswahili akarudi katika Kingoni. Mwanangu hukaa akimtazama mdomo. Kisha hunigeukia mimi, nami huwa daraja. Daraja ni kitu chema, lakini wanaokutana juu ya daraja hawajakaa nyumba moja.

VYEREHANI KATIKA JOTO

Haki ina pande zote. Wanawake waliokuwamo katika El Teatro Campesino walilalamika kwamba nafasi walizopewa zilikuwa zile zile: mama mwenye huruma, bibi, mchumba anayelia. Wanaume walipigana na tajiri jukwaani, na chakula kikaendelea kupikwa na yule yule. Ilichukua muda mpaka wanawake waandike wenyewe.

Miongoni mwao ni Josefina López. Alizaliwa Mexico mwaka 1969, akaletwa Los Angeles akiwa mtoto mdogo, akakua kwa miaka mingi bila ya vibali vya ukaazi, na alipata kufanya kazi katika kiwanda kidogo cha kushona nguo cha dada yake. Kutokana na hayo akaandika *Real Women Have Curves*, mchezo ulioigizwa kwanza San Francisco mwaka 1990 na kufanywa filamu mwaka 2002.

Wanawake watano wamo katika chumba kimoja cha kushonea, Los Angeles ya Mashariki, mwaka 1987. Wanashona magauni ya kuuzwa katika duka la kifahari, magauni ambayo wao wenyewe hawawezi kuyanunua, na ambayo hayawaenei. Nje wanaliona gari wanalolidhania kuwa la maofisa wa uhamiaji. Basi wanafunga mlango na kubanana katika joto kali. Ana, mwenye umri wa miaka 18, anataka kwenda chuo kikuu. Mama yake yumo humo humo katika cherehani, na kila siku anamsimanga kwa unene wake na kumhimiza mambo ya kuolewa. Joto linapozidi, Ana anavua blauzi. Wenziwe wanashtuka, kisha mmoja mmoja wanavua, wanaonyeshana makovu na alama za uzazi, wanacheka mpaka wanafutana machozi.

Nimewasikia baadhi ya watu wakisema kuwa tendo hilo ni la kukosa adabu. Nawasihi wautazame mwili ule kama mwandishi alivyoutazama: mwili uliozaa, uliopasuliwa, ulioinama juu ya cherehani miaka na miaka. Mama anayemsimanga binti si katili. Anampa kile alichofundishwa yeye kwamba ndicho kitakachomlinda. Binti asiyetaka kukipokea si mkaidi. Mchezo hauwahukumu. Unawaweka katika chumba kimoja, mlango umefungwa, mpaka wasikilizane.

MWACHA MILA

Sisi husema mwacha mila ni mtumwa. Valdez alilichezea jambo hilo mwaka 1967 katika *Los Vendidos*. Pana duka liuzalo Wamexico kama yauzwavyo magari makuukuu. Anakuja katibu mhtasi wa ofisi ya gavana, mwenye jina la Kihispania analolitamka kwa Kiingereza, anataka Mmexico wa kupamba ofisi. Anaonyeshwa kibarua wa shamba, kijana wa mjini, mwanamapinduzi; wote wana kasoro. Ananunua yule aliyevaa suti, msomi, mwenye adabu, kwa dola 15,000. Mara sanamu huyo anaanza kupiga kelele za mapambano na mnunuzi anakimbia. Tunagundua kwamba sanamu wote walikuwa watu hai, na mwenye duka ndiye aliyekuwa sanamu.

Nilicheka nilipousoma, kisha nikajiuliza. Mtumwa ni yupi hapo? Je, ni mtoto anayezungumza lugha ya shule vizuri kuliko ya bibi yake? La hasha. Bibi mtumwa ni yule anayeona haya jina lake likitamkwa sawasawa. Mila haipotei siku mtoto ajifunzapo lugha ya pili. Hupotea siku wakubwa wanapoacha kumsimulia kwa lugha yoyote ile.

Tangu siku hizo jukwaa la Walatino limepanuka. *Zoot Suit* ya Valdez ilianza Los Angeles mwaka 1978, ikafika Broadway mwaka 1979. Nilo Cruz, mzaliwa wa Kuba, alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2003 kwa mchezo wa familia ya wasokota sigara wa Florida mwaka 1929, wanaomlipa mtu awasomee riwaya wakiwa kazini. Hayo ni mafanikio yanayostahili pongezi. Lakini mimi bado navutwa zaidi na lile lori, kwa kuwa halikugharimu kitu ambacho wewe nami hatuna.

Basi nakupa shauri la kufanya Jumapili hii. Chakula kikiisha kuliwa, zima redio na televisheni. Waambie watoto waigize siku moja ya babu au bibi yao alipokuwa na umri kama wao: aliamka wapi, alimwogopa nani, alikula nini. Wataigiza vibaya, watakosea majina, watavaa kanga kichwani isivyo. Usiwasahihishe upesi. Mwache mzee mwenyewe aseme, "La, haikuwa hivyo," asimame kutoka kitini, awaonyeshe.